Makavazi ya Kitaifa: Miaka 60 ya Karatasi za Wilaya

Mwaka 1939 moto ulizuka katika Sekretarieti ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi na kuteketeza sehemu kubwa ya faili za makao makuu. Barua za magavana, maamuzi ya ardhi, mabishano ya kodi ya vibanda, vyote vikawa majivu. Kilichoiokoa historia ya Kenya safari hiyo hakikuwa busara ya mtu yeyote, ila mazoea ya makarani. Ripoti za wakuu wa wilaya zilipigwa taipu kwa nakala: moja ilitumwa Nairobi, nyingine ilikwenda kwa mkuu wa mkoa, na nyingine ilibaki palepale bomani, kabatini, ikisubiri mchwa. Nairobi ilipoungua, Kisumu, Lamu, Machakos na Fort Hall bado zilikuwa na zao.

Ndiyo maana Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, yaliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1965 na kutimiza miaka 60 mwaka 2025, yana jina la taifa lakini mwili wa wilaya. Anayeingia akitarajia siri za Ikulu huenda akatoka na ripoti ya ukame wa Kitui. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu. Ukweli ni kwamba hapo ndipo ulipo utajiri wa taasisi hii, na ndipo penye deni ambalo haijamaliza kulilipa: karatasi hizi zilitoka mashambani, mabondeni na visiwani, na wenye habari zao wengi bado wako hukohuko.

Mkuu wa wilaya wa enzi zile alikuwa hakimu, mkusanya kodi na msimamizi wa barabara, na juu ya yote hayo alikuwa mwandishi asiyepumzika. Kila mwisho wa mwaka alidaiwa ripoti: mvua ilivyonyesha, ng'ombe waliokufa, kodi iliyopatikana, machifu waliomfurahisha na waliomkera. Alipohamishwa, na uhamisho haukukoma, alimwachia aliyemrithi ripoti ya makabidhiano. Hizi za makabidhiano ndizo tamu kuliko zote, kwa sababu mwandishi alizungumza na mwenzake tu, bila haja ya kujipamba mbele ya gavana. Humo utajua nani haaminiki, nani hupenda pombe, na ni kesi gani ya shamba iliyoachwa kiporo mara tatu.

Kisha kulikuwa na kitabu cha kumbukumbu cha wilaya, daftari nene lililorithiwa na mkuu mmoja kutoka kwa mwingine, lenye orodha ya machifu, koo, taratibu za mahari, mipaka, na asili ya watu kama wazee walivyoisimulia barazani. Baada ya sheria ya 1924 kuunda mabaraza ya wenyeji, zikaongezeka kumbukumbu za vikao ambamo wazee walijadili shule, zahanati, ada za soko na njia za mifugo. Sauti zao zimechujwa na kalamu ya mwenyekiti Mzungu, lakini zinasikika.

Tusizitukuze kupita kiasi. Aliyeandika alikuwa mtawala, na mtawala huona anachokitafuta. Mtu aliyelipa kodi kimya kimya miaka 30 hatajwi hata mara moja. Aliyekataa kulipa siku moja ana kurasa nne. Wanawake ni wachache mno katika faili hizi, na wanapotokea aghalabu huwa ni kwa kesi ya ndoa au kwa fujo. Mmoja aliyetokea kwa "fujo" anastahili kuzungumziwa kidogo, kwa kuwa habari zake zinaonyesha vizuri makavazi yanaweza kutupa nini na hayawezi kutupa nini.

Mekatilili wa Menza alikuwa mjane wa Kigiriama aliyesimama mwaka 1913 kuwapinga Waingereza waliotaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya pwani na wazee walipe kodi. Faili za mkoa wa Pwani zina barua za Arthur Champion, afisa mdogo aliyetumwa kukaa kati ya Wagiriama, na za mkuu wa mkoa Charles Hobley. Kutoka humo tunapata mambo ambayo kumbukumbu ya mdomo haikuyashika kwa mpangilio: viapo vilivyolishwa kayani, yaani katika makao yao matakatifu ya msituni, vijiji vilivyogoma, kukamatwa kwa Mekatilili pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola mwezi Oktoba 1913, kupelekwa kwao Kisii, na habari iliyowashangaza maafisa, kwamba Januari 1914 wafungwa hao wawili walitoroka na kurudi pwani, kutoka upande mmoja wa nchi hadi mwingine. Agosti mwaka huohuo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, na mwishowe Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000.

Lakini muulize Mgiriama leo akusimulie habari za Mekatilili, na hataanza na faini. Ataanza na kuku. Mekatilili, husimuliwa, alikwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia Champion ajaribu kumchukua kifaranga mmoja. Kuku akamrukia na kumdonoa. Hivyo ndivyo itakavyokuwa ukiwachukua wana wetu, akamwambia. Mzungu aliyepigwa na kuku mbele ya hadhara si habari ambayo angeitaka iende kwa gavana kwa nakala tatu. Mwanahistoria wa Marekani Cynthia Brantley, aliyechapa kitabu chake kuhusu upinzani wa Wagiriama mwaka 1981, alifanya kazi kwa miguu yote miwili: faili za Nairobi na simulizi za wazee. Leo Mekatilili ana sanamu Malindi, na kila mwaka Wagiriama humkumbuka kwa sherehe. Faili peke yake zisingemfikisha hapo, na simulizi peke yake zisingetupa tarehe.

Wanahistoria wa kwanza wa Kenya huru waliielewa kazi hiyo ya miguu miwili. Mwaka 1967 vilitoka vitabu viwili kwa mpigo: cha Bethwell Ogot kuhusu Wajaluo wa kusini na cha Gideon Were kuhusu Waluhya. Mwaka 1974 wakafuata Godfrey Muriuki na kitabu chake cha historia ya Wakikuyu na William Ochieng' na cha Abagusii. Hawa walikwenda vijijini kuwahoji wazee, kisha wakarudi kupambanisha masimulizi na maandishi. Historia ya Kenya ilianza kuandikwa na Wakenya kwa njia hiyo, jamii moja baada ya nyingine, kabla mtu hajathubutu kuandika kitabu kikubwa cha nchi nzima.

Wakati sheria ya 1965 inapitishwa, hata hivyo, sehemu ya mali ilikuwa imekwisha kuondolewa. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alitoa maagizo kuhusu karatasi ambazo serikali mpya za Afrika hazikupaswa kurithi: zozote ambazo zingeiaibisha serikali ya Malkia, polisi wake, askari wake au watoa habari wake. Faili ziligawanywa makundi mawili. Moja lilikuwa la kurithiwa, na lingine la kufichwa, ambalo maafisa Waafrika hawakuruhusiwa hata kuligusa. Za kufichwa zilichomwa au zilisafirishwa. Maagizo yalifika mpaka kwenye majivu, ambayo yalitakiwa kupondwapondwa, na kwenye masanduku ya kuzamishwa baharini, ambayo yalitakiwa kutiwa uzito na kutupwa mbali na pwani penye kina. Mtu anayeyasoma leo hawezi kujizuia kuona jinsi utawala uliokuwa ukiondoka ulivyoiogopa karatasi kuliko bunduki.

Kilichobaki, basi, ni kile ambacho hakikuonwa kuwa cha hatari, nacho kwa wingi wake kilikuwa cha wilaya. Ripoti ya mihogo ya Kilifi haikumtisha mtu. Ilibaki.

Makavazi yalianza maisha katika vyumba vya chini vya Jogoo House, mahali pa giza ambapo faili zilizokusanywa kutoka bomani zilipangwa upya kwa mujibu wa ofisi zilikotoka. Utaratibu huo umedumu hadi leo, na msomaji mpya hujifunza haraka alfabeti yake: PC ni mkuu wa mkoa na DC ni mkuu wa wilaya, kisha huja ufupisho wa mahali. PC/COAST ni Pwani, PC/NZA ni Nyanza, DC/MKS ni Machakos, DC/LAMU haihitaji maelezo. Lakini DC/FH? Hiyo ni Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. DC/NN ni Nyanza Kaskazini, yaani Kakamega na jirani zake. Kijana wa Nyahururu anayetafuta habari za mji wao lazima aombe Thomson's Falls.

Wengine hupata mshangao mkubwa zaidi. Nchi yenyewe haikuwa na umbo hili. Hadi mwaka 1902 Kisumu na Naivasha zilikuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda. Na Kismayu, upande mwingine kabisa, ilikuwa chini ya Nairobi hadi Jubaland, eneo lililoizunguka, ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Anayefuata historia ya babu yake kando ya mpaka huenda akalazimika kuwa msomaji wa nchi tatu.

Katika miaka ya 1960 ulifanyika mradi ambao matokeo yake yanaudhi na kufurahisha kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Syracuse, katika jimbo la New York, kilipiga picha kwa mikrofilamu ripoti za mwaka za mikoa na wilaya, vitabu vya kumbukumbu na ripoti za makabidhiano. Mwaka 1968 Robert Gregory, Robert Maxon na Leon Spencer walitoa mwongozo wa kuzisoma. Nakala za filamu zilinunuliwa na vyuo vingine ng'ambo, na vizazi vya wanafunzi wa historia ya Afrika vikasomea hapo. Huo ulikuwa ugawaji wa kweli wa nyaraka, na pia bima dhidi ya moto mwingine kama ule wa 1939. Ila mwanafunzi wa Syracuse sasa aliweza kuisoma ripoti ya Kitui ya mwaka 1921 kabla ya chakula cha mchana, hali mwalimu wa shule aliyekuwa Kitui yenyewe alihitaji nauli ya basi, ruhusa ya mwajiri na mahali pa kulala Nairobi.

Jina linalotajwa zaidi na wanaoitembelea taasisi hii si la mwanahistoria, bali la mkusanyaji. Joseph Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, mama Mmaasai na baba Mgoa, akasomeshwa India, akarudi, na mwaka 1952 viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa akajikuta akishika ukatibu wake na kuhangaika kuwatafutia mawakili wa kesi ya Kapenguria. Kisha alikaa uhamishoni Uingereza takriban miaka tisa. Huko alioa mkutubi, Sheila, na huko ndiko maradhi ya vitabu yalikomkolea. Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Makamu wa Rais kwa miezi michache tu ya mwaka 1966, akajiuzulu. Alivyoviacha serikalini ni vichache ukilinganisha na alivyovijaza nyumbani: vitabu zaidi ya 50,000, vikiwemo takriban 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900, barua, stempu za posta kutoka Afrika nzima, vinyago, nguo na vito.

Katika miaka ya 1970 Murumbi aliiuzia serikali mkusanyiko wake mkubwa badala ya kuuacha uende ng'ambo. Alitarajia nyumba yake ya Muthaiga igeuzwe taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi hiyo haikusimama kamwe. Vitu vyenyewe vilipata makao mengine, na mwaka 2006 ghala la ghorofa ya chini la Makavazi likafunguliwa kuwa maonyesho yenye jina lake. Murumbi alifariki mwaka 1990 na amezikwa City Park, Nairobi, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, kama alivyotaka.

Si vibaya kusema kwamba mkusanyiko huo umeinufaisha taasisi na kuipotosha kidogo kwa wakati mmoja. Watalii huingia kwa ajili ya vinyago, wakapiga picha, wakaondoka. Wachache hupanda ngazi hadi chumba cha kusomea. Wanafunzi wa shule husimama mbele ya ngoma na mikuki, na wakirudi nyumbani hawajui kwamba juu ya vichwa vyao kulikuwa na kumbukumbu za baraza ambalo babu yao alilipinga.

Jengo lenyewe ni la benki ya zamani, la mwanzo wa karne ya 20, lenye nguzo nzito na kuta za mawe. Makavazi yalihamia humo mwishoni mwa miaka ya 1970. Liko kati ya Moi Avenue na barabara ya Tom Mboya, mahali penye wahubiri, wachuuzi, makanga na watu wanaongojeana. Kwa mkazi wa Nairobi "tupatane Archives" ni maneno ya kila siku, na wengi waliopatana hapo mara elfu hawajawahi kuvuka mlango wake. Hakuna taasisi ya kumbukumbu Afrika Mashariki inayojulikana na watu wengi hivyo kwa nje tu.

Suala la karatasi zilizochukuliwa halikulala. Mwaka 1967 serikali ya Kenya iliiomba Uingereza izirudishe, ikakataliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Makavazi yakachukua njia ya subira: yakatuma watu London wapekue hifadhi za Uingereza na kupiga mikrofilamu chochote kinachoihusu Kenya, kuanzia nyaraka za serikali hadi karatasi binafsi walizorudi nazo maafisa wastaafu. Kutokana na kazi hiyo Anne Thurston aliandaa mwongozo mkubwa wa nyaraka za Kenya na Afrika Mashariki zilizoko Uingereza, uliochapwa mwaka 1991. Wakati wote huo, faili zilizotafutwa hasa zilikuwa zimefungiwa na serikali ya Uingereza, ambayo mwishowe iliziweka Hanslope Park, kaskazini mwa London, na hakuna aliyeambiwa.

Ziligunduliwa mahakamani. Wazee wa Kenya waliozuiliwa na kuteswa makambini wakati wa vita vya Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009, na wanahistoria waliosaidia kesi hiyo, David Anderson akiwa mmojawapo, wakasisitiza kwamba kuna nyaraka zilizoondolewa Nairobi kabla ya uhuru. Mwaka 2011 serikali ikakiri: zilikuwepo faili zipatazo 1,500 za Kenya, katika masanduku kama 300, na pamoja nazo maelfu ya faili za makoloni mengine, 37 kwa jumla. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Faili zilipelekwa kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew, ambako yeyote anaweza kuzisoma, alimradi awe na viza.

Kesi ile ilifundisha jambo ambalo wahifadhi nyaraka walikuwa wakilisema kwa miaka bila kusikilizwa na wanasiasa, kwamba faili ya zamani inaweza kuwa shahidi mwenye nguvu kuliko mbunge. Mfano wa karibu zaidi unatoka Kericho. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kidini wa Wakipsigis, ikawatupa Gwassi, kando ya ziwa, penye mbu na mbung'o. Ni nadra kuona sheria nzima ikiandikwa dhidi ya ukoo mmoja. Ardhi ya Wakipsigis ikageuka mashamba ya chai ya kampuni za nje.

Ugatuzi ulipofika, serikali ya kaunti ya Kericho chini ya gavana wake wa kwanza, Paul Chepkwony, ililichukua suala hili kama lake. Tume ya Taifa ya Ardhi iliyakubali madai hayo mwaka 2019, wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia Uingereza mwaka 2021, na mwaka 2022 walalamishi wakafika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Malalamiko ya namna hii hayasimami kwa machozi tu. Husimama kwa sheria, barua na ripoti ambazo mtu fulani, katika boma fulani, hakuzitupa. Na ukitaka habari za Talai huwezi kutosheka na faili za Kericho. Lazima ufuate na za Nyanza Kusini, ambako ndiko walikopelekwa, leo kaunti ya Homa Bay.

Mipaka nayo inawaleta watu. Kaunti 47 za Katiba ya 2010 zilifuata wilaya zilizotajwa katika sheria ya mwaka 1992, na wilaya hizo zilifuata mistari iliyochorwa na watu waliokuwa na rula na haraka. Kisumu na Vihiga zinavutana kuhusu Maseno. Taita Taveta na Kwale kuhusu Mackinnon Road, penye ushuru wa malori. Katika mabishano hayo kila upande huja na ramani yake ya kikoloni, na kila upande husahau kuleta ile isiyompendeza. Mtu wa makavazi anayezitoa zote mbili kutoka bohari hana rafiki siku hiyo.

Kwa hiyo swali la zamani limerudi kwa sura mpya: karatasi za mahali zikae wapi? Makavazi yalishajaribu kujibu kwa kufungua vituo vya mikoa, Mombasa, Nakuru, Kisumu, Kakamega na Nyeri, ambavyo hupokea nyaraka za ofisi za karibu na kumpunguzia msomaji safari ya Nairobi. Ni hatua njema, lakini vituo vitano kwa kaunti 47 bado vinamwacha mtu wa Mandera au Lodwar na safari ndefu. Katiba imezipa kaunti maktaba na makumbusho. Juu ya hizo, mwaka 2013 kaunti zilirithi kitu ambacho wengi hawakukitambua: masjala za mabaraza 175 ya miji, manispaa na kaunti za zamani yaliyovunjwa. Humo mna kumbukumbu za vikao tangu enzi za ukoloni, ramani za viwanja, leseni za maduka, orodha za walipa kodi ya ardhi, mikataba ya masoko. Historia ya mji wowote wa Kenya, nani alipewa kiwanja gani na nani alinyang'anywa, imo humo kuliko ilivyo katika faili zote za Nairobi.

Mahali pengine faili hizo zilipewa chumba na karani. Pengine zilirundikwa stoo pamoja na viti vilivyovunjika. Wasemao kwamba kaunti zina mahitaji makubwa zaidi, maji na dawa, wana hoja. Lakini kaunti hiyohiyo itakapodai ardhi ya soko iliyonyakuliwa mwaka 1994, itaambiwa na hakimu ilete karatasi.

Kuna wanaopendekeza kuwa dawa ni skana: piga picha kila kitu, kiweke mtandaoni, na kila kijiji kitasoma. Makavazi yenyewe yamekuwa yakiigeuza sehemu ya nyaraka zake kuwa picha za kidijitali kwa miaka kadhaa, na faida yake ni dhahiri kwa karatasi zilizopasuka, ambazo kila mkono unaozigusa huziua kidogo. Lakini picha isiyo na maelezo ni karatasi iliyopotea kwa njia ya kisasa. Asiyejua kwamba Murang'a ni Fort Hall hataipata faili yake hata iwe kwenye simu yake. Kazi ya kuandika maelezo hayo, kujua kwamba chifu aliyeandikwa kwa tahajia tatu ni mtu mmoja, kwamba kilima kilichotajwa kina jina jingine kwa wenyeji, haifanywi na mtambo wa Nairobi. Inafanywa na mtu wa mahali hapo, kwa kushirikiana na wazee ambao bado wanajua, na hao hupungua kila msimu. Hili ndilo eneo ambalo kaunti ingeweza kuishinda serikali kuu bila gharama kubwa: mhifadhi mmoja, chumba kikavu, na ruhusa ya kwenda vijijini na kinasa sauti.

Chini ya sheria ya 1965, nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa kwa wasomaji zikishatimiza miaka 30. Wanaoingia chumba cha kusomea sasa wameanza kuomba faili za mwanzo wa miaka ya 1990, za uchaguzi wa vyama vingi na vurugu za Bonde la Ufa, ambazo wahusika wake wengine bado wako madarakani. Kwa hesabu hiyohiyo, karatasi za kwanza za serikali za kaunti, za mwaka 2013, zitaiva mwaka 2043. Sehemu yake iko kwenye mafaili ya manila, sehemu kwenye kompyuta za ofisi ambazo zimeshabadilishwa mara kadhaa, na sehemu isiyojulikana kwenye simu za mawaziri wa kaunti walioondoka na simu zao.